MOYO UNAENDA MBIO, VIPIMO VIKO SAFI (Sehemu ya 3)

Mama mwenzangu, umewahi kushtuka usiku moyo unadunda, jasho linakutoka, unaona kabisa unakufa, halafu ukipimwa moyo unaambiwa uko salama? Hapa Lamadi wengi wanaambiwa wamerogwa, au wanadeka. Jamani, hapana.

Mwaka 1871 daktari Da Costa wa Marekani aliandika kuhusu askari waliotoka vitani, mioyo inakwenda mbio, na wengi hakuwaona na kasoro kwenye moyo wenyewe. Hofu hii ya ghafla ilikuja kupewa jina lake rasmi kama ugonjwa mwaka 1980. Kwetu Mirembe, Dodoma, ipo tangu 1927, lakini ikitajwa tu watu wanacheka. Ndo maana wagonjwa wanajificha.

Moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani: ukivuta pumzi unaharakisha kidogo, ukitoa unapunguza. Tafiti zimeonyesha kwamba kwa wenye sonona au hofu kali, mara nyingi kupanda na kushuka huko hupungua. Kwa hiyo si maigizo, mwili nao unaumwa.

Njoo upimwe moyo kwanza. Ukiwa salama, usiishie hapo: uliza kuhusu hofu na sonona. Tiba ipo, ya mazungumzo na ya dawa.