Mabaharia Wasio na Bahari: Shaba na Mitumbwi ya Lualaba

Katika masimulizi mengi ya historia ya Katanga, Mto Lualaba karibu na Kolwezi huingia kwa mlango mmoja tu: bwawa la Nzilo, lililojengwa na kampuni ya madini ya Union Minière katika miaka ya 1950 kwa jina la Delcommune ili migodi ipate umeme. Kabla ya hapo mto huo hutajwa kama kizuizi tu. Makala hii inadai kinyume chake: kwamba kaskazini ya Nzilo waliishi watu wa maji ambao jamii yao inastahili kusomwa sambamba na zile za visiwa vya Pasifiki.

Juu ya ubaharia wa Wapolinesia, wakazi wa visiwa vingi vya huko, ubishi umepungua. Mwaka 1956 Andrew Sharp alidai kuwa visiwa vya mbali vilifikiwa kwa bahati, mitumbwi ikichukuliwa na upepo na mikondo. Lakini mwaka 1976 mtumbwi wa tanga wa Hōkūleʻa, ukiongozwa bila dira na Mau Piailug wa Satawal huko Mikronesia, ulitoka Hawaii ukafika Tahiti. Mwaka 1993 Epeli Hauʻofa, msomi mwenye asili ya Tonga, akasisitiza kwamba bahari huviunganisha visiwa badala ya kuvitenga. Hoja hiyo imepokewa kote, ila wanaoandika juu ya bara wameiacha ufukweni, kana kwamba maji yasiyo na chumvi hayana mabaharia.

Ushahidi wangu mkuu ni makaburi. Baada ya makorongo ya Nzilo, Lualaba hushuka, hutulia, kisha hutawanyika katika Bonde la Upemba, kwenye maziwa, vinamasi na mafunjo. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba mwaka 1957 na 1958. Pierre de Maret akaendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1970. Jamii ya Kisale, iliyostawi kati ya karne ya 8 na ya 13, iliishi kwa uvuvi na kilimo. Iliwazika wafu wake na vyungu, zana za chuma na mapambo ya shaba, ingawa bondeni hamna shaba: inatoka ukanda wa madini ulio kusini. Makaburi machache yana hata kauri za Bahari ya Hindi.

Kipindi kilichofuata, cha Kabambia, kinasema zaidi. Mwanzoni misalaba ya shaba ni michache na mikubwa, nayo huwekwa kifuani mwa marehemu. Baadaye inakuwa midogo, mingi na yenye vipimo vinavyokaribiana, tena hukutwa karibu na mikono. De Maret anaona hapo pambo la heshima likigeuka kuwa fedha. Nakubali, nami naongeza swali: fedha hiyo ilizungushwa na nani? Kipimo kimoja hukubalika pale watu wa vijiji vingi wanapokutana mara kwa mara, na katika nchi ya vinamasi wanakutana kwa mtumbwi. Mbao za mitumbwi zimeoza, misalaba imebaki kuwa shahidi wa safari.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba makorongo ya Nzilo hayapitiki kwa mtumbwi. Ni kweli, na ndiyo sababu shaba ilibebwa kichwani hadi kwenye maji tulivu. Wabebaji na wapiga kasia walihitajiana, na mapatano kati yao ndiyo siasa yenyewe. Hata reli ya wakoloni ilipofika Bukama mwaka 1918, mizigo ilihamishiwa kwenye meli za mto.

Watasema pia kwamba mvuvi wa Kisale hapotezi nchi kavu machoni. Lakini alisafiri ndani ya mafunjo yanayoelea, ambayo hufungua na kuziba njia. Verney Lovett Cameron, aliyepita nchi ya Waluba, wenyeji wa eneo hilo, katika miaka ya 1870, aliziona nyumba juu ya nguzo katika Ziwa Mohrya, akasimuliwa pia juu ya watu waliokaa kwenye visiwa vya mimea huko Kisale. Na katika masimulizi ya Waluba juu ya Nkongolo na Kalala Ilunga, mfalme Nkongolo anashindwa kumfuata mpinzani wake Kalala Ilunga ng'ambo ya mto. Sidai kuwa hiyo ni tarehe ya tukio. Nadai kwamba wasimuliaji walijua enzi ilitegemea kivuko.

Kwa hiyo dola ya Waluba haiwezi kuelezwa kwa ushujaa wa watu kama Kalala Ilunga pekee, wala shaba ya Kolwezi kwa migodi pekee. Waakiolojia wetu na wafuatilie sasa njia za miguu na vivuko kati ya Nzilo na Bukama, kabla mashimo mapya ya kobalti na shaba hayajazifuta.