Njia na Kivuko: Mambo ya Kale ya Biharamulo na Ngara

Tunapofundisha habari za Kilwa au Bagamoyo, wanafunzi wetu wa bara huuliza: "Je, huku kwetu hakuna mambo ya kale?" Yapo. Leo tutafunga safari kutoka Biharamulo mpaka Rusumo. Yashikeni maneno mawili, njia na kivuko, maana ndiyo yatakayotuongoza.

Tuanzie nchi ya Wasubi. Zamani nchi hiyo ilikuwa na mfalme wake, na njia ya misafara iendayo Karagwe na Buganda ilipita kwake. Mwaka 1861 walifika Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Speke aliiita nchi hii Usui, na mfalme wake akamwandika kwa jina la Suwarora. Aliwekwa kungoja, akatozwa nguo, shanga na waya za shaba, kisha akaondoka kwenda kwa Rumanika wa Karagwe bila kumwona mfalme uso kwa uso. Katika kitabu chake alinung'unika sana.

Basi hapa tusimame kidogo. Malipo hayo yaliitwa hongo. Siku hizi neno hongo ni rushwa, lakini wakati ule lilikuwa malipo ya mgeni kwa mwenye nchi aliyempitisha kwake. Leo hii dereva wa lori akifika mpakani husimamishwa, hungoja, hulipa. Sisi huita ushuru, wala hatumwiti afisa wa forodha mnyang'anyi. Basi tusimhukumu Suwarora kwa maneno ya mgeni mmoja tu aliyekuwa na haraka.

Sasa twende Biharamulo mjini, tukaliangalie boma. Wadachi, yaani Wajerumani, walilijenga mwanzoni mwa karne ya 20, na jengo hilo lingalipo. Ukisimama mbele ya kuta zake, jiulize: kwa nini walijenga hapa? Jibu ni lile lile, njia. Mwenye boma aliwaona wapitao. Lakini kuta nene hazikuwafaa siku nyingi. Katika mwezi wa Juni 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji kutoka upande wa Rwanda yaliutwaa mji huu. Baada ya vita Waingereza wakatawala Tanganyika, mpaka Uhuru wa 1961.

Kutoka Biharamulo twende Lusahunga, kisha tushike barabara ya magharibi kupitia Nyakahura mpaka Benaco. Hapo njia hugawanyika: moja huenda Ngara mjini na Kabanga, mpakani mwa Burundi, nyingine hushuka Rusumo.

Ukiwa Ngara, tazama vilima vya Bugufi, nchi ya Wahangaza. Hapo hutaona boma wala mnara, bali utaona mpaka, nao pia ni jambo la kale. Wakati wa Wadachi Bugufi ilihesabiwa kuwa sehemu ya Urundi. Baada ya vita wakubwa wa Ulaya waligawana nchi, na Bugufi ikatiwa Tanganyika. Mwaka 1948 Mwami Mwambutsa wa Burundi aliuomba Umoja wa Mataifa arudishiwe, lakini hakurudishiwa. Kihangaza na Kirundi ni kama ndugu wa tumbo moja. Mstari wa ramani haukuweza kuzitenga lugha hizo.

Mwisho tushuke Rusumo. Jina hili maana yake ni maporomoko ya maji. Mto Ruvubu, utokao Burundi, huingia Kagera karibu na hapo, kisha maji hupita kwa kishindo kati ya miamba. Hapo ndipo Mjerumani von Götzen alipovuka mwaka 1894 kuingia Rwanda. Miaka mia baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, watu kiasi cha 250,000 walivuka daraja kuja Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Mauaji ya kimbari yalikuwa yakiendelea Rwanda, na vita pia. Wengi walikimbia kuokoa roho zao, na miongoni mwao walikuwamo wauaji. Benaco ikawa kambi kubwa, mpaka mwisho wa 1996 watu waliporudishwa kwao.

Götzen aliandika kitabu, na Speke pia. Lakini bibi wa Ngara aliyemgawia mkimbizi maji mwaka 1994 hakuandika kitu. Wasubi waliomwona Speke walikufa bila kuulizwa. Wa 1994 wangali hai, tena ni majirani zetu. Basi mkifika mahali hapa msing'oe hata jiwe; ila chukueni daftari, muwaulize wazee, mwandike jina la mzee na tarehe.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Hongo ya Suwarora na ushuru wa leo zinafanana wapi, na zinatofautiana wapi?

2. Kwa nini boma lilijengwa Biharamulo?

3. Ni nani kijijini kwenu anayekumbuka mwaka 1994? Nendeni kwake kabla ya somo lijalo.

Kwaherini.