Mahari ya Mifugo na Hukumu ya Mahakama katika Nchi ya Turkana

Kabla serikali ya Kiingereza haijajenga boma lake Lodwar, kando ya mto Turkwel, Waturkana walikuwa na jawabu lao mintarafu mume na mke wanaokaa pamoja pasi na arusi: mwanamume aliyezaa na binti wa watu kabla ya kutimiza mahari, hata wakiwa wameishi kinyumba miaka mingi, hakuwa na haki ya kuwaita watoto wale wake, kwani walihesabiwa kuwa wa babu mzaa mama mpaka ng'ombe, ngamia na mbuzi watimie na ng'ombe wa arusi achinjwe mbele ya jamaa wa pande zote mbili. Mifugo hiyo haikutoka zizi moja. Ami, wajomba na marafiki wa kufa na kuzikana walichangia, kama alivyoeleza kwa kirefu mwanaanthropolojia P. H. Gulliver katika kitabu chake cha 1955 juu ya Waturkana, na kila mchango ulikuwa ushahidi wa ndoa.

Mahakama za kikoloni ziliidhulumu ada ya namna hii. Mwaka 1917, katika shauri la Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton alitamka kwamba ndoa ya kimila ni ununuzi wa mke. Nami nauliza, ni mnunuzi gani huyo ambaye bei yake hulipwa na ukoo mzima?

Baadaye mahakama zilianza kuwatambua hata waliokaa pamoja pasi na arusi. Mwaka 1976 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Hortensiah Wanjiku Yawe, ilimhesabu kuwa mke halali mwanamke aliyekaa na mwanamume, ambaye sasa alikuwa marehemu, miaka tisa na kumzalia watoto wanne. Na mwezi wa Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliiwekea dhana hiyo ya ndoa, yaani kuwahesabu waliokaa pamoja muda mrefu kuwa mume na mke, masharti manane, ikisema itumike kwa nadra, na ikawaomba wabunge watunge sheria kwa ajili ya wanaoishi pamoja.

Lakini ukame wa 1979 hadi 1981, ambao Waturkana huuita Lopiar, ulikuwa umekwisha kufagia mifugo na kuwasukuma watu kwenye kambi za chakula, na tangu 1992 kambi ya Kakuma, huko huko Turkana, imepokea wakimbizi, miongoni mwao Wadinka, ambao nao huoa kwa ng'ombe wasionao tena. Kwa wengi wa watu hawa kuishi kinyumba si kudharau mila, ni kukosa mifugo. Na Sheria ya Ndoa ya 2014, inayokubali mahari ya ishara tu kuwa ithibati, yamtosha msajili, wala haimridhishi mjomba ambaye hajapata mbuzi wake.