Barua Ambayo Lincoln Hakuituma

Wiki hii nimekuwa nikisoma kitabu cha maisha ya Abraham Lincoln, aliyekuwa rais wa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865. Kuna mahali nimekwama.

Julai 1863, jeshi lake chini ya Jenerali Meade lilishinda pale Gettysburg baada ya siku 3 za mapigano makali. Adui wao, Jenerali Lee, alirudi nyuma akakuta mto Potomac umefurika. Hakuwa na pa kupitia. Lincoln akangoja kusikia kwamba Meade amemmaliza. Lakini Meade alisitasita, maji yakapungua, na usiku wa kuamkia Julai 14 Lee akavuka na jeshi lake.

Lincoln aliumia sana. Mwaka uliotangulia alikuwa amemzika mwanawe Willie, wa miaka 11. Sasa aliona wana wa watu wengine wataendelea kufa. Akachukua kalamu, akamwandikia Meade maneno mazito: umeacha nafasi iponyoke, na vita vitarefuka.

Kisha akaiweka barua ile. Kwenye bahasha akaandika kwamba haikutumwa wala kutiwa sahihi. Ilipatikana kwenye karatasi zake baada ya yeye kufa.

Mpendwa, siku hiyo hiyo Meade alikuwa ameomba kuondolewa kazini, baada ya kusikia kwamba rais hakuridhika. Ombi lilikataliwa. Barua ile ingemvunja kabisa. Badala yake aliendelea kuliongoza jeshi lile mpaka Lee aliposalimu amri, Aprili 1865.

Mimi yangu niliituma. Saa tano usiku, kwa simu, kwa mzee tunayetumika naye. Kila neno lilikuwa kweli. Nikaona zile tiki mbili za buluu, nikalala. Ilinichukua miezi minane kumpata tena ndugu yangu.

Lincoln hakuwahi kujiunga rasmi na kanisa lolote. Sisi tuliojazwa Roho tunanena kwa lugha Jumapili, Jumatatu tunachoma watu kwenye grupu. Soma Mithali 29:11 polepole, kisha ujiulize.

Je, kuna ujumbe umeuandika leo kwa hasira? Pengine una haki. Uache ulale hadi asubuhi. Uombee kwanza.

Bwana, tulindie vinywa vyetu, na vidole pia. Amina.