Mwaka Umutomboko Ulipofutwa: Ngoma ya Watu Waliovuka Mto

Leo tunaandika juu ya ngoma moja ambayo hatukuzaliwa nayo, lakini imetufundisha kitu. Inaitwa Umutomboko, ngoma ya Walunda wa Mwata Kazembe, kule Mwansabombwe, kusini kwetu kwenye barabara ya kwenda Mansa.

Mwaka 2020 tulikuwa na mipango miwili. Wa kwanza, tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, kikundi chetu kicheze ngoma za nyumbani mbele ya watu wote. Mzee mmoja wa bloku yetu, fundi wa ngoma kutoka upande wa Pweto, alikuwa anatufundisha. Wa pili, mwisho wa Julai, wachache wetu waombe ruhusa ya kutoka, waende Mwansabombwe kuona Umutomboko kwa macho yao. Tulishaanza kuchanga nauli, huyu kwacha mbili, yule kwacha tano.

Halafu korona ikaingia. Mwezi wa tatu shule zikafungwa Zambia nzima, mikusanyiko ikazuiwa, sherehe za kimila zikafutwa moja baada ya nyingine. Siku yetu ya Juni ikafutwa. Umutomboko nao ukafutwa.

Tusidanganyane, tulivunjika moyo. Mwenzetu mmoja alisema, "Sisi wakimbizi tukipanga kitu, lazima kife." Hakuna aliyemjibu. Ni yule mzee njo alituuliza, "Hiyo ngoma mnayoililia, mnajua imetoka wapi?" Hatukujua. Basi tukaanza kuuliza wenyeji, kuuliza wazee wetu, na kusoma kidogo kidogo kwenye simu.

Tuliyoyapata ni haya.

Walunda wa Kazembe asili yao ni Kongo, kwenye ufalme wa Mwata Yamvo. Masimulizi yao yanasema kulikuwa na mtu jina lake Chinyanta, aliyempelekea Mwata Yamvo habari za mahali penye chumvi. Wakati ule chumvi ilikuwa mali kubwa. Mkubwa mmoja, Mutanda, alikuwa ameificha habari hiyo. Alipojua imefika kwa mfalme, akamzamisha Chinyanta pamoja na ndugu yake Kasombola katika mto Mukelweji. Mwata Yamvo akampa Ng'anga Bilonda, mtoto wa Chinyanta, cheo cha Kazembe. Huyo ndiye Kazembe wa kwanza. Waliokuja nyuma yake wakaendelea mashariki, na karibu mwaka 1740 wakavuka Luapula, wakaweka makao kusini ya ziwa Mweru.

Kwa hiyo nyuma ya ngoma hii kuna watu waliokufa majini, na kuna safari ndefu. Umutomboko ni ngoma ya ushindi ya watu waliovuka mito na vita. Siku ya sherehe Mwata anashuka kwenye mto Ng'ona, anatupa chakula majini kuwakumbuka Chinyanta na Kasombola. Baadaye anacheza akishika shoka na upanga. Mwishoni anaelekeza upanga juu mbinguni, kisha chini kwenye udongo. Maana yake, wanaomweza ni Mungu na kaburi tu.

Tuliposikia hayo tuliangaliana. Wengi wetu tulivuka mwaka 2017 kutoka Haut-Katanga na Tanganyika, tukapokelewa Kenani, na Mantapala ilipofunguliwa Januari 2018 tukaletwa hapa. Wako wazazi wetu waliovuka mara mbili. Pweto ilipoanguka Desemba 2000 walikimbilia Zambia, wakakaa kambi za Kala na Mwange mpaka zikafungwa 2010. Walirudi nyumbani, wakalima, wakajenga, halafu vita ikawatoa tena. Na wako kati yetu waliopoteza watu majini. Hatukuhitaji mtu wa kutufafanulia kwa nini mfalme anatupa chakula mtoni.

Lakini kilichotushangaza zaidi ni habari ya mwaka 1899. Waingereza walishambulia mji wa Mwata Kazembe wa 10, Kanyembo Ntemena, kwa sababu alikataa kutawaliwa nao. Wakauchoma moto. Mwata mwenyewe alikuwa ameshavuka Luapula kwenda upande wa Kongo. Yaani huyu mfalme aliwahi kuwa mkimbizi, na alikimbilia upande wa kwetu! Wamisionari wakasaidia mapatano, na mwaka 1900 akarudi, mji ukasimama tena.

Sasa jiulizeni: mji umeungua, mfalme yuko ng'ambo, nani aliitunza ngoma? Hata lugha yao ilibadilika, leo Walunda wa Luapula wanaongea Chibemba. Waliotunza ni watu waliojua, wakaendelea kuwaambia wengine. Baadaye Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, akahakikisha historia imeandikwa. Kitabu kilitoka mwaka 1951 kwa Chibemba, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, yaani Mababu Zangu na Watu Wangu. Ile sherehe kubwa ya kila mwaka, yenye wageni na magari mengi, ilianza miaka ya 1970 tu. Sherehe ni ya juzi. Habari yenyewe ina miaka karibu 300.

Na si Walunda peke yao waliofutiwa. Walozi wa Magharibi wana Kuomboka, ambapo mfalme wao, Litunga, anahama kwa mtumbwi mkubwa kutoka Lealui kwenda Limulunga maji yakijaa. Mwaka 2019 ilifutwa kwa sababu maji hayakutosha, 2020 ikafutwa kwa korona, na 2024 ukame ukaifuta tena. Bado Walozi ni Walozi. Maji yakirudi, wanajua la kufanya, maana wenye kujua kupiga makasia na kupiga ngoma wapo.

Hapo ndipo tunafika kwenye sehemu ngumu ya habari yetu.

Hatutaki kuandika kama vile kufutwa hakuumizi. Juni 2020 yule mzee alituambia, "Haina shida watoto, tutacheza mwaka kesho." Alikuwa ametufundisha midundo minne. Alisema yote iko saba. Sisi tukaona tungoje vikwazo viishe, tukutane wote kama zamani, tumalizie. Mzee alifariki mwanzoni mwa 2021. Midundo minne tunayo. Mitatu alienda nayo.

Tumelaumu korona sana. Lakini ukweli ni kwamba hakuna aliyetukataza kukaa na mzee wawili wawili, nje, chini ya mwembe, tukipiga hata kwenye ndoo. Walifuta sherehe, na sisi wenyewe tukafuta mazoezi. Hilo la pili ni letu, tunalikubali.

Ngoma za Mwansabombwe zilirudi baadaye, na zilirudi kwa sababu wenye kuzijua walikuwepo siku ya kurudi. Tumaini tunalolijua sisi ni hilo: ukimaliza kulia, unaendelea kujifunza, ili siku mlango ukifunguliwa uwe na kitu cha kuingia nacho.

Kwa hiyo sasa kila Jumamosi wawili wetu wanakaa na mzee mmoja. Mmoja anarekodi kwenye simu, mwingine anaandika kwenye daftari, juu ya chaji kuisha njiani ni jambo la kawaida huku. Tuna hadithi, tuna nyimbo za kutwanga, tuna namna ya kuita mvua. Hatuulizi kama ni ya kabila gani.

Ninyi wa mashirika, tunawaomba kitu kimoja. Bajeti ikikatwa, na tunajua inakatwa, sherehe inaweza kufutwa, tutaelewa. Lakini msifute na ile saa ya mazoezi. Haihitaji hema wala spika. Inahitaji kivuli na ruhusa.

Na wewe kijana mwenzetu, wiki hii muulize mzee wa nyumbani kwako swali moja: ulifundishwa nini na nani, kabla hujavuka? Andika jibu lake. Usingoje tarehe 20 Juni.