Kifuu vitani, kifuu mgodini

Majira ya joto ya mwaka 1918, mapipa yalianza kuonekana mbele ya makanisa, shule na maduka katika miji ya Marekani. Aliyekula pichi hakutupa kokwa. Aliiosha, akaianika, akaitumbukiza pipani. Vijana wa skauti walipita mitaani kukusanya, Msalaba Mwekundu ukahimiza, na mabango yakatoa hesabu nyepesi: kokwa 200 zinatosha barakoa moja ya gesi. Kokwa za aprikoti na cheri zilipokelewa pia, hata maganda ya jozi.

Chanzo cha yote kilikuwa Ypres, Ubelgiji. Aprili 22, 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walifungulia klorini, upepo ukaisukuma hadi kwenye mahandaki ya adui zao. Kinga ya mwanzo ilikuwa vitambaa vilivyoloweshwa dawa. Ubaya wake ni kwamba kila dawa huiweza gesi yake tu. Gesi mpya ikiletwa vitani, kitambaa hakina la kufanya. Kilihitajika kitu cha kunasa karibu kila gesi bila kuiuliza jina. Nchini Urusi, mkemia Nikolay Zelinsky alikipata mwaka huohuo wa 1915 katika mkaa wa mti wa birchi, na mhandisi Kummant akautengenezea barakoa ya mpira. Mwaka 1916 Waingereza nao wakawapa askari wao barakoa yenye kopo la mkaa.

Si mkaa wa jikoni, lakini. Mkaa wa kawaida hupatikana kwa kuchoma mti au ganda mahali penye hewa kidogo, maji na moshi vikatoka, kaboni ikabaki. Una vitundu, ila vingi vimezibwa na lami. Ili uamilishwe, unarudishwa motoni mara ya pili, safari hii katika nyuzi joto kama 900 za Selsiasi, ukipulizwa mvuke. Mvuke huo hula kaboni: huondoka na sehemu yake kama gesi, na kila inapoondoka chembe panabaki kijia. Njia nyingine ni kuloweka malighafi katika kemikali, kama kloridi ya zinki, kabla ya kuichoma. Kinachobaki baada ya hapo ni kitu cheusi chepesi ambacho gramu moja tu, ukihesabu kuta za vitundu vyake vyote, ina eneo la zaidi ya mita za mraba 1,000. Gramu saba au nane zinatosha kutandaza uwanja wa mpira. Gesi ikipita humo, chembe zake hung'ang'ania kwenye kuta hizo zisitoke.

Kwamba mkaa hunasa gesi kulijulikana zamani. Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi alilieleza mwaka 1773. Mwaka 1785, mjini St Petersburg, Tobias Lowitz akaona kuwa mkaa huondoa rangi katika vimiminika. Hapo ndipo wenye viwanda vya sukari walipotega sikio, maana sukari nguru ni ya kahawia na mnunuzi alitaka nyeupe. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 waliisafisha kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Raphael von Ostrejko, aliyesajili hataza zake mwaka 1900 na 1901, alitaka kuipa mimea kazi ya mifupa, na njia zote mbili nilizozieleza, ya mvuke na ya kloridi, zimo katika hataza hizo. Kufikia mwaka 1909 mkaa wa mbao uliotengenezwa hivyo ulikuwa ukiuzwa kwa jina la Eponit. Haukuwa na uhusiano wowote na vita.

Mkaa wa kusafishia sukari, hata hivyo, haukufaa sana kwa barakoa. Chembe za rangi ni kubwa, zinataka vitundu vipana, na mbao huvitoa kwa urahisi. Chembe za gesi ni ndogo mno. Zikiingia kwenye kitundu kipana hutoka zilivyoingia. Wakemia wa Marekani walijaribu mbao na maganda ya kila namna. Kilichoshinda ni kifuu cha nazi, ambacho ugumu wake hutoa vitundu vyembamba, vingi vikiwa na upana usiofika nanomita mbili, na punje zisizosagika ovyo.

Matokeo hayo yangemfurahisha mtu wa Mafia au Kilifi. New York yalileta balaa, kwa sababu nazi zilizoliwa Marekani nzima hazikutoa vifuu vya kutosha. Serikali ikawahimiza wananchi wale nazi zaidi. Pengine ndiyo mara pekee katika historia kula keki ya nazi kulipohesabika kuwa uzalendo. Vifuu vilitafutwa hadi Ufilipino, koloni lao la wakati ule, ambako vilichomwa kuwa mkaa kwanza ili visijaze meli bure. Kokwa za pichi ziliingia kuziba pengo. Novemba ikafika, vita vikaisha, na hamu ya kokwa ikaisha navyo.

Siku hizi habari ya kugeuza taka za mimea kuwa kaboni husimuliwa kama habari ya kutunza mazingira. Sina ugomvi na hilo, ila ukifuata miaka yenyewe huoni mtu aliyeanza kwa kuhurumia taka. Alianza mwenye sukari, akafuata mwenye kuogopa kufa, kisha akaja mwenye dhahabu.

Huyu wa dhahabu alichelewa kwa sababu ya kikwazo kimoja. Tangu mwaka 1887, ugunduzi wa MacArthur na Forrest wa Glasgow ulikuwa umewezesha dhahabu kuyeyushwa kutoka kwenye mwamba kwa sayanaidi, na kabla karne haijaisha ilijulikana kuwa mkaa unaweza kuinyonya kutoka kwenye maji hayo. Tatizo likawa kuitoa. Ilibidi mkaa wote uchomwe ili dhahabu ibaki kwenye majivu, na hakuna mwenye mgodi anayependa kuchoma kitendea kazi kila mara, kwa hiyo wengi walibaki na unga wa zinki kuitoa dhahabu kwenye maji hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, J. B. Zadra wa Ofisi ya Migodi ya Marekani aliionyesha dhahabu mlango wa kutokea: maji ya moto yenye magadi makali na sayanaidi. Kaboni ikaoshwa, ikachomwa kidogo tanuruni kurudishiwa nguvu, ikaingia kazini tena. Mwaka 1973 mgodi wa Homestake, South Dakota, ulianza kuitumia kwa kiwango kikubwa. Mwaka huohuo, ilitokea tu, kampuni ya Haycarb ilianzishwa Sri Lanka kutengeneza kaboni ya vifuu. Migodi ya Afrika Kusini ikafuata.

Dhahabu ilirudisha kifuu kileleni. Ndani ya matangi ya mgodi, tope la mwamba uliosagwa huzungushwa pamoja na kaboni mchana na usiku, na mkaa wa mbao laini ungesagika upesi; wa kifuu huvumilia. Tope lenye gramu chache tu za dhahabu kwa tani huweza kuipa tani moja ya kaboni kilo kadhaa.

Ndivyo kaboni ilivyofika Kanda ya Ziwa, Tanzania. Mgodi mkubwa wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, unatumia kaboni, na wachimbaji wadogo nao wanaijua vizuri. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa kwa zebaki, hulowekwa sayanaidi kwenye matangi, maji yake yakapitishwa kwenye kaboni, kisha kaboni ikapelekwa mtambo wa elusheni, yaani wa kuiosha dhahabu itoke. Kifuu ambacho Tanga au Pemba huishia kuwa upawa, kata au kuni, huku kikishageuzwa kaboni hupimwa na kulindwa kwa sababu ya kilichomo.

Hata kikizeeka hakitupwi. Vumbi linalomeguka kutoka kwenye punje huchujwa na kuwekwa kando, kwa kuwa nalo lina dhahabu ambayo maji ya moto hayawezi kuitoa yote. Hilo huchomwa moja kwa moja, majivu yake yakayeyushwa, kama ilivyofanywa kabla ya Zadra.