Kifaa cha Kusomea Vitabu: Kinahitaji Nini Hasa?

Ndugu wasomaji wa Dallas, Fort Worth na Houston, historia ya vifaa vya kusomea vitabu vya elektroniki si ndefu, lakini ina mafunzo kwetu tunaolea watoto wanaosoma Kiingereza kutwa na Kiswahili kwa nadra.

Rocket eBook na SoftBook vilitoka hapa Marekani mwaka 1998. Vilikuwa vizito, vioo vyake vilihitaji taa ya ndani, na betri ilihesabiwa kwa saa. Kufikia 2003 biashara yake ilikwisha. Kilichobadili mambo ni wino wa elektroniki wa kampuni ya E Ink, iliyoanzishwa 1997. Umeme husogeza chembe nyeusi na nyeupe, kisha chembe hubaki mahali pake bila kula umeme tena hadi ukurasa ugeuzwe. Sony iliutumia Japani mwaka 2004. Amazon ikafuata na Kindle Novemba 2007, kwa dola 399.

Hiyo ndiyo sifa ya kwanza: betri ya majuma. Tuliodhani mgao wa umeme tumeuacha Dar es Salaam na Nairobi tulikutana nao Texas Februari 2021, dhoruba ya baridi ilipozima umeme katika nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.

Sifa ya pili ni kitabu kuwa mali yako. Julai 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka Kindle za wateja, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa na Jeff Bezos akaomba radhi. Kimojawapo ni kile ambacho Fortunatus Kawegere alikitafsiri mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama. Nakala ya karatasi iliyomo kabatini mwako, hakuna duka litakaloifuata usiku.

Sifa ya tatu ni kamusi, na hapa ndipo sisi tulipoachwa nyuma. Mtoto akigusa neno la Kiingereza, maana hutokea. Akigusa "hawakutuandalia", kamusi ya kawaida hutafuta kwenye H, kumbe neno liko kwenye A: andaa. Lazima kifaa kijue kuvua viambishi. Wala si jambo lisilowezekana. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha mwaka 1992 njia ya kompyuta ya kuchambua maneno ya Kiswahili, yaani miaka 6 kabla ya Rocket eBook kuingia dukani.

Basi rangi, michezo na sinema ni mapambo; simu zetu zinavyo tayari. Lakini mtoto anayekwama kila mstari hufunga kitabu, na hakifungui tena. Waandishi wa programu tunao tele katika jumuiya zetu za Texas. Kazi ya kamusi hiyo inatungoja sisi, kwani hakuna kampuni itakayoifanya kwa kutuonea huruma.